Nta ya sakafu kwenye gari letu

Asubuhi tuliyofukuzwa Kolwezi kwa kuwa wa asili ya Kasai, tulikuta mlango wa gari letu umeandikwa kwa chokaa: "Murudie kwenu." Baba yangu, Tata, aliuosha bila mafanikio. Rangi nyekundu ilikuwa imepauka kwa miaka ya vumbi la mgodi, na chokaa ilikuwa imeikolea. Alipanga kuwaambia vijana wa kizuizi cha barabarani kwamba tunaenda tu shambani Lubudi. Nani angemwamini na maneno yale?

Mimi sikuwa msemaji, lakini kusugua sakafu nilijua. Nikachukua majivu laini na kitambaa chenye maji. Herufi ya kwanza ikafutika! Zilipokwisha zote nikapaka nta nyekundu ya sakafu, nikang'arisha mpaka nikaona meno yangu mlangoni. Kumbe nilikuwa nacheka.

"Mutoto huyu anasugua gari sawa nyumba!" mama alishangaa.

Kwenye kizuizi jua lilikuwa kali. Tata akataja shamba. Mmoja wa vijana wa kizuizi aliegemea mlango, kisha akatazama kiganja chake chekundu.

"Tata, rangi ya gari yako ikingali mubichi!" akacheka. "Mutu wa kukimbia hapaki gari rangi. Mupite."

Tukafika Lubudi. Hapo Tata akaniuliza kama nta imebaki ya vizuizi vilivyo mbele. Kopo lilikuwa mapajani mwangu.