Tuko Watatu

Juzi, nikisubiri kubadilisha ndege katika uwanja wa nchi ya mbali, nilimwona askari wa ukaguzi akitoa kopo la udongo katika begi la mzee mmoja. Alimuuliza ni la nini, mzee akanyoosha mikono alipokee. Kopo likatupwa pipani. Ghafla nikasikia harufu ya mgomba uliokatwa.

Alasiri moja ya utotoni nilikuwa na bibi mpakani Busia, tukirudi upande wa Kenya kutoka Majanji, Uganda, alikoishi mjomba. Mjomba huyo, kitinda mimba wa bibi, alikuwa amezama ziwani na mwili haukupatikana. Bibi alikata kipande cha mgomba nyuma ya nyumba ya mjomba, akakifunga kwa shuka nyeupe, akakibeba begani. Utomvu ulimtiririka shingoni wala hakuufuta.

Afisa wa mpaka alifungua daftari. "Muko wangapi?"

"Tuko watatu," bibi alijibu.

Nilidhani uchovu umempotezea hesabu. "Wawili, Bibi," nikamsahihisha kwa sauti, maana nilikuwa nimeanza shule.

Afisa akaonyesha begani kwa bibi. "Na hiyo nini?"

"Mutoto yangu. Ziwa ilikataa kumurudisha. Nakwenda kumuzika."

Sikujua bado kwamba kwetu asiyepatikana huzikwa hivyo. Niliogopa kwamba bibi ameidanganya serikali, na kwamba tutafungwa.

Afisa alivua kofia, akaiweka mezani. Alinitazama bila hasira. Kisha akainamia daftari lake, akaandika polepole: watatu.