Damu ya Mzee Kwenye Kioo cha Kompyuta

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha uchapaji pale Same mjini, Meneja alinionyesha makopo matatu ya wino, mawili yakiwa matupu. Ilikuwa miaka ya shida. Hata sabuni ya kufulia ilipatikana kwa bahati, sembuse wino mwekundu. Akaniambia cheo changu ni mchanganya rangi. Nilipouliza nichanganye nini na nini, akanijibu nyeusi na subira. Basi kwa miaka mingi mimi, mchanganya rangi, nilichapa kadi za harusi nyeusi tii, na maharusi walinishukuru.

Kisha soko likafunguliwa, mitumba ikamwagika, na kiwanda kikanunuliwa na mtu binafsi tuliyemwita Mkurugenzi. Huyu alileta kompyuta yenye kioo cha rangi, kizito cha kubebwa na watu wawili, akakifunika kitambaa cha kufuma kama mwali. Mimi nikapewa kazi ya kukisawazisha, yaani kuhakikisha kuwa rangi inayoonekana kwenye kioo ndiyo itakayotoka kwenye karatasi.

Vijana, kioo kile kilidanganya kuliko dalali wa ng'ombe. Kikiwa baridi kina rangi zake, kikipata moto kina nyingine, kwa hiyo hukigusi mpaka kikae kimewashwa kama nusu saa. Mkurugenzi, Mpare mwenzangu, hakuelewa kwa nini umeme upashe moto kitu kisicholiwa. Ukimaliza ugomvi huo unaanza na nyeupe: unaweka karatasi safi pembeni, unapunguza nyekundu, kijani au bluu mpaka weupe wa kioo ufanane nayo. Unachapa jaribio na kulitazama dirishani kwa mwanga wa mchana, maana taa ya tyubu humfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Hata ukuta unatakiwa usiwe na makeke. Wetu ulikuwa wa waridi. Niliomba rangi ya kijivu, nikapewa magunia ya katani niutundikie.

Ndipo kwaya ya akina mama wa kwetu Mhezi ilipoagiza kalenda yenye picha yao. Mke wangu Nakijwa, mwimbaji wa sauti ya kwanza, ndiye aliyewashawishi wenzake waachane na wachapaji wa Moshi. Alisimama kanisani akasema mume wake hajawahi kukosea rangi. Majoho yao yalikuwa ya damu ya mzee, ule wekundu mzito, na ya washindani wao wa Suji yalikuwa ya zambarau. Sisi Wapare husemwa kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Kesi ya joho sijui tungeuza nini.

Nikasawazisha kioo, nikachapa jaribio. Zambarau. Nikaanza upya kwenye nyeupe, nikafuta vumbi, nikachapa tena. Zambarau ileile. Mkurugenzi akapita, akauliza kwa furaha kama Suji nao wameagiza. Nyumbani nikamweleza Nakijwa.

Siku iliyofuata alikuja kiwandani na Mama Mwenyekiti wa kwaya, joho likiwa kwenye mfuko. Tukalitandaza dirishani, kando ya kioo. Joho na picha ya kwenye kioo vilifanana kama mapacha. Miaka ya sabuni kali na kuanika juani ilikuwa imeihamisha kwaya nzima kwenda Suji, na hakuna aliyegundua kwa sababu majoho yote yalipauka pamoja.

Mama Mwenyekiti alisema kioo ni kibovu. Mkurugenzi akaafiki, akaongeza kuwa rangi halisi ni ile anayoikumbuka mteja. Mimi nilikuwa nimeshikilia ukweli wangu wa kitaalamu, mpaka Nakijwa aliponisogelea.

"Baba Elisante," alisema taratibu, "mimi nimeshasimama mbele za watu."

Nikaiongeza nyekundu.

Kalenda ilitoka na damu ya mzee iliyokolea kuliko hata siku majoho yalipotoka kwa fundi. Jumapili ikatundikwa kanisani, kwaya ikasimama chini yake kuimba, na waumini wakaanza kutazama ukutani, kisha kwaya, kisha ukutani. Shemasi mmoja aliuliza wale akina mama wa kwenye picha wanatoka usharika gani. Nakijwa hakula mchana ule.

Juma lile akina mama wakanunua rangi ya nguo, wakaazima masufuria ya shughuli na kuchemsha majoho. Kila sufuria ikatoa rangi yake. Ikabidi niitwe Mhezi kikazi. Nilipita uani na kalenda mkononi, hapa nikisema ongeza maji, pale nikisema mama, toa hilo upesi linaungua. Maisha yangu yote nilikuwa nikikilazimisha kioo kifanane na dunia. Siku ile dunia ilikuwa inatokota ili ifanane na karatasi yangu.

Sasa nimestaafu. Siku hizi kuna kifaa kinachobandikwa kwenye kioo na kupima rangi chenyewe, nanyi mnaoingia kazini mkitumie. Huwa mnaniuliza kama sioni haya kwamba kazi yangu iliyosifiwa kuliko zote haikuwa ya kweli. Sioni. Mke wangu aliweka heshima yake juu yangu mbele ya kanisa zima. Siku ya uimbaji wa pamoja, Mhezi na Suji walisimama bega kwa bega, wanawake wengi ajabu, nami nilikaa benchi la nyuma kabisa bila miwani. Nilimwona Nakijwa papo hapo, upande wa wekundu.