Kizuizi cha Dada Mkubwa

Ofisini walimwita Dada Mkubwa, na usidhani ilikuwa heshima. Kilikuwa kilemba cha ukoka tu. Ukitaka kumtwisha mtu kazi yako bila aibu, mwite dada, umwongezee na ukubwa, halafu kaa pembeni umtazame akibeba.

Aliingia pale kuandika programu, basi. Ndiyo kazi aliyoipenda: kukaa kimya na kompyuta yake mpaka kitu kilichogoma kikubali. Mpimaji alipoacha kazi, yule anayekamata makosa kabla mteja hajayaona, Bosi akamwambia, "Dada, shikilia kidogo." Akashikilia. Mwendesha vikao naye akaondoka. "Shikilia na hiki." Kidogo hicho kikaota mizizi. Sasa akawa anaandika programu mchana, jioni anapima za wenzake wanne, na asubuhi anaendesha kikao cha kusimama, kile ambacho timu nzima inajipanga mbele ya ubao wa kadi, kila mmoja anasema alifanya nini jana, leo atafanya nini, na kitu gani kinamzuia. Vizuizi vyote mwendesha kikao anavichukua akaviondoe. Na wale wanne, watu wazima na ndevu zao, walikuwa wakiandika ovyo huku wakisema, "Si Dada atapima?" Saa ya kutoka ikifika wanateremka ngazi wakicheka, yeye amebaki na uchafu wao.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja, mtoto aliyeachiwa na marehemu mumewe, na binti huyo alikuwa amechoka. Alimwambia mama yake neno moja tu: njoo kwenye kikao cha wazazi siku ya kufunga shule, usipokuja nahamia kwa shangazi. Shangazi mtu alikuwa akimtaka siku nyingi, na wala hakuficha kusema kwamba wifi yake ameolewa na ofisi.

Siku ikafika. Dada Mkubwa alikuwa ameshabeba mkoba wake begani pale Mtanashati, mmoja wa wale wanne, kijana wa manukato na maneno matamu, alipomkimbilia mlangoni. "Dada yangu, mteja anakuja kesho na programu yangu haijapimwa. Nisitiri." Programu yenyewe, yarabi, makosa juu ya makosa. Angemwambia akafie mbele. Hakumwambia. Aliweka mkoba chini, akapima nusu yake, na alipofika shuleni mlinzi alikuwa anafunga lango. Binti alishampigia shangazi simu.

Asubuhi alisimama mbele ya ubao. Wenzake wakasema yao, wote mambo shwari. Ikafika zamu yake.

"Mimi nina kizuizi," alisema. "Nafanya kazi za watu watatu. Mtoto wangu anahama nyumbani kwa ajili yenu."

Mtanashati akatazama viatu vyake. Bosi akatabasamu, tabasamu lake lile la kukumaliza huku anakupa pole. "Pole sana, Dada. Lakini utaratibu wetu unaujua. Vizuizi vinaondolewa na mwendesha kikao. Haya, mwendesha kikao ni nani?"

Wakacheka. Wote, hata mchoraji wa kurasa, dada wa watu ambaye juzi tu alimlilia begani kwa kuachwa na mchumba. Huo ndio utu wao.

Dada Mkubwa hakucheka. Aliinua mkono akaanza kubandua kadi ubaoni, zote zilizokuwa zinangoja kupimwa na yeye, akamkabidhi kila mmoja ya kwake. Kalamu ya mwendesha kikao akamchomeka Bosi kwenye mfuko wa shati.

"Unafanya nini?" Bosi aliuliza.

"Naondoa kizuizi. Si ndiyo kazi yangu?"

"Mteja anaingia saa tano na hizi hazijapimwa. Ukitoka mlango ule usirudi."

"Sirudi."

Mtanashati akamfuata hadi kwenye ngazi, kadi mkononi, jasho linamtoka. "Dada yangu, kweli unatuacha hivi?"

"Mama yako na mama yangu hawajuani," alimjibu. "Kapime."

Alitembea upesi, na kusema kweli moyo wake ulikuwa mwepesi. Alijiona akimshika mwanawe mikono, akimweleza, yaishe. Nje ya nyumba alikuta gari la wifi yake. Ndani, binti alikuwa anavuta zipu ya begi.

"Nimeacha kazi," alisema akihema. "Nimewaachia kila kitu chao. Sina pa kwenda tena, niko hapa na wewe."

Binti alimkazia macho makavu. "Umeacha leo?"

"Sasa hivi, mwanangu."

"Kikao kilikuwa jana, mama."

Shangazi alishika begi upande mmoja, binti akashika wa pili, wakampita mlangoni.