Wasindikizaji Waingia Kwenye Kompyuta

Zamani mtu akiugua alifuatwa na ukoo mzima. Siku hizi, alinung'unika Mzee Nashoni, anafuatwa na kompyuta.

Hata hivyo, naye akiwa mgonjwa wa kisukari, alikwenda mkutanoni. Watafiti wawili kutoka Mbeya, Eveline na Aroni, waliwaita wagonjwa wa kisukari wa Ilula wasaidie kukadiria gharama za kufuata matibabu, ili ijulikane kama kliniki yao ibaki pale au ihamie Iringa mjini.

"Kompyuta inasema mjini ni nafuu," alisema Aroni.

"Kwenye hesabu yako umempandisha nani basi la mjini?" aliuliza Nashoni.

"Mgonjwa, babu."

"Peke yake? Kama kifurushi?"

Wagonjwa wakaangua kicheko. Leokadia, muuza nyanya, akadakia: "Mwanangu, mimi nikienda mjini dada ananisindikiza, na shangazi hakubali kubaki. Genge linafungwa!"

Eveline akawaingiza kwenye kompyuta wasindikizaji wote, pamoja na kazi wanazoziacha. Jibu likageuka, Ilula ikawa nafuu kuliko mjini, na wilaya ikakubali: kliniki ibaki Ilula. Leokadia alipiga vigelegele. Nashoni, aliyedhani ukoo umeshakufa, akajikuta anacheka.

Mara ya mwisho aliwaona vijana wale dirishani mwa basi la Mbeya, Aroni amepakata ndoo ya nyanya za Leokadia na Eveline anatafuna moja, wakipunga mikono.