Manjano kwa Ubongo wa Bibi

Daktari alisema seli za ubongo wa bibi zinakufa, dawa ya kuzirudisha haipo, na tumtunze. Baba alishukuru. Mimi nilirudi na bibi nyumbani Igogo nikiwa nimeshaamua kwamba daktari yule hakusoma vya kutosha.

Biolojia nilianguka kidato cha nne. Tangu hapo najifunza mwenyewe, kwa simu na kamusi, kama mtu anayelipa kisasi. Nilisoma kwamba ndani ya manjano, haya haya tunayotia kwenye mchuzi wa sato, mna kiambata ambacho huenda kinazikinga seli za ubongo zisiharibike. Majani ya mlonge nayo yalitajwa. Majaribio mengi yalikuwa ya seli zilizowekwa kwenye vyombo vya kioo, na ya panya. Nilipoyanakili kwenye daftari, panya niliwaruka na "huenda" nikaiacha. Sikuiacha kwa bahati mbaya.

Kila asubuhi nilipima kijiko kimoja cha manjano, nikakisawazisha kwa kisu, nikaongeza pilipili manga, maana nilisoma kwamba bila hiyo mwili haukipokei vizuri kile kiambata. Nikakoroga kwenye uji. Bibi alikunja uso, akanywa. Hakuwa mtu wa kukataa chakula cha mjukuu.

Nilihitaji kipimo. Siwezi kufanya jambo bila kulipima. Ukurasa mmoja ukichafuka naliandika upya daftari zima. Kipimo nilikipata kwenye salamu. Bibi alikuwa ameletwa kwetu kutoka Sengerema baada ya kuanza kupotea njia ya kisimani, na kabla ya hapo nilikuwa nimemwona mara chache tu. Nilipopiga goti na kusema "Mwangaluka", aliitikia, kisha akaniuliza kwa Kisukuma: wewe ni wa nani? Nilimtajia jina la babu, marehemu mume wake. Naye akasema haya, keti.

Nimekulia mjini, kwenye shikamoo na marahaba. Swali lile liliniumiza kila siku. Akiuliza, niliweka msalaba mwekundu daftarini; asipouliza, ningeweka alama ya vema. Wakati ule sikutaka kitu kingine duniani ila bibi anijue bila kuambiwa.

Misalaba ilijaa kurasa. Kisha, asubuhi moja ya masika, hakuuliza. Aliitikia tu, akapokea uji. Kesho yake vivyo hivyo. Niliweka vema, na kijiko kimoja kikawa viwili.

Mwezi uliofuata shangazi, binti mkubwa wa bibi, alivuka ziwa kutoka Sengerema kuja kumwona.

"Mbona mama ana midomo ya njano? Umemgeuza mchuzi?"

"Ni kinga ya ubongo, shangazi."

"Nani kasema?"

"Nimesoma."

"Umesoma. Haya, daktari wa jikoni."

Akapiga goti mbele ya bibi. "Mwangaluka, mayu." Bibi aliitikia. Shangazi akabaki chini, akingoja. Bibi alimtabasamia kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mgeni, akarudi kwenye kikombe chake.

"Hajaniuliza," shangazi alisema.

"Si ndiyo vizuri? Anakujua. Hata mimi siku hizi haniulizi."

Shangazi alinigeukia taratibu. "We mtoto. Mimi kanizaa, na hajawahi kukosa kuniuliza. Ile ni heshima. Anakuuliza ili umtaje babu yako, asikie nyumba yake ikitajwa. Hata baba yako anaulizwa. Hata katekista."

Kisha akamwuliza bibi, kwa Kisukuma cha polepole ambacho hata mimi nilikielewa, huyu binti ni nani.

Bibi alinitazama. "Wa uji," alisema.

Mimi mwenyewe sikuwahi kumwuliza hivyo. Vema zangu zilinitosha.

"Ameacha lini kuuliza?" shangazi alisema. "Baba yako atataka kujua, na daktari pia."

Sikuhitaji kufikiri. Nilifungua daftari nikamsomea tarehe, nikiwa nimezifunika zile vema kwa kiganja. Aliitikia kwa kichwa, akatoka nje kumpigia baba simu. Sikumwambia kwamba siku ile ya vema ya kwanza nilinunua soda mbili, nikakaa na bibi kibarazani tukanywa, nikimshukuru Mungu kwa sauti, na bibi akaitikia amina.