Nyongeza ya Papa Muhindo

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu: siku niliyopanda kilima cha Bwera kwenda kwenye nyumba ya maji, dada yako mgongoni na hasira kifuani. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa mama kijana, nimemaliza sekondari, na kazi yangu ilikuwa kupima maji ya bomba baada ya kutiwa dawa. Papa Muhindo, mzee aliyetoka Butembo, ndiye aliyeendesha pampu ya dawa, ile ndogo inayoingiza klorini bombani kidogo kidogo.

Pampu ilikuwa mpya, imeletwa na lori kutoka Kasese. Tangu ifungwe, maji yalinuka mpaka chai haikunyweka, na nilipomwogesha dada yako macho yake yakawa mekundu. Asubuhi ile nikamkuta jirani yetu, Mama Kabugho, anatoka mtoni na mtungi kichwani. Akaniambia heri maji ya mto, angalau hayamchomi mtoto. Nikajua wengine watamfuata, na mto ule ulishawaharisha watoto wetu vya kutosha. Nikapanda, naye nyuma yangu na mtungi wake umejaa, hakutaka kukosa ugomvi.

Papa Muhindo alitupokea kwa tabasamu. Nilipomuuliza amepimaje, akaeleza kwa fahari. Zamani aliuza chumvi ya Kabatoro sokoni, na huko ukishajaza kopo la mteja unamwongezea kiganja juu, ndiyo upendo. Basi na hapa, fundi aliyeifunga pampu alipoondoka, alizungusha mbele kidogo kidude chake cha kupangia kiasi cha dawa.

"Nimewapa ya juu, mama. Bei ya rafiki."

Mwanangu, niliwaka. Nikachukua spana nifungue bomba la dawa isifike majini, pampu ikiwa bado inakwenda. Mzee akanishika mkono, tabasamu limekwisha.

"Weka chini. Dawa iko na nguvu ndani ya ile bomba, itaruka kwa macho ya mutoto. Toa mutoto inje kwanza, kisha urudi unitukane."

Nikamkabidhi Mama Kabugho mtoto, nikarudi, nikamtukana. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemaliza, tukacheka wote wawili.

Ndipo kazi ikaanza. Tukafungua madirisha, tukavaa glavu na miwani ya kinga. Alizima pampu, akaachia taratibu nguvu iliyobaki bombani, yaani msukumo wa dawa, kisha tukaisafisha na kuijaribu kwanza kwa maji matupu, maana hayo yakivuja hayaunguzi mtu. Kabla ya kuwasha alitazama kama koki ya mbele iko wazi. Ikifungwa, pampu inasukuma mpaka bomba lipasuke. Nikajaza maji mrija wa kioo wenye alama za kipimo, tukaiacha pampu ivute humo tu, dakika nzima kwa saa yangu. Ilivuta kupita kiasi nilichopigia hesabu. Akarudisha kidude nyuma, tukapima tena, na tena, hadi majibu yakafanana na hesabu yangu. Mwisho tukarudia kwa dawa yenyewe, kwa sababu dawa haivutwi sawasawa na maji.

Tulipomaliza nikauona mkono wake unarudi kwenye kidude. Nikaupiga kofi.

"Papa, mteja ameshashiba."

Tukasubiri maji makali yaishe bombani, tukaenda kwenye bomba la mwisho kabisa. Nilipotia dawa ya kupimia, maji yakawa njano hafifu, kama inavyotakiwa. Mama Kabugho akanusa, akaonja, akasema si mabaya sana. Kisha akamwaga maji ya mto barabarani, akakinga mtungi.

Sasa wamekukabidhi pampu kule Rukoki, ndiyo maana nakuandikia. Usiitie mkono kabla ya kuizima na kuachia nguvu yake. Usiingie na mtoto, wala usiingie na hasira. Hasira yangu ilikuwa ya haki, na bado ingemtia dada yako upofu. Pima kwa mrija na saa, upime tena ukibadilisha chochote, kisha uende bombani watu wanakokinga, ujionee. Na mtu akikulalamikia maji, usimbishie, yaonje.

Mungu akulindie macho na mikono, mwanangu. Watu usiowajua wanywe kutoka kwako, na watoto wao waamke wakicheza.