Maji Laini kwa Mgonjwa

Mwaka 1956 kampuni moja ya pamba ya Kasongo ilimletea mkubwa wake mashine ya kulainisha maji, kwa kuwa maji ya kisima yalijaa chokaa na mashati yalikauka magumu kama ngozi ya mbuzi. Alimasi, mfuaji wa nguo za mkubwa na mkewe, Madamu, akakabidhiwa mashine bila kuulizwa kama anaitaka. Kila Jumamosi aliimiminia chumvi, akaisuuza. Aliamini chumvi hiyo ni ya kuisugua tumbo, kama mutu anavyosugua sufuria kwa mchanga, na kwamba yote huishia mferejini.

Jioni alirudi nyumbani na bidoni, dumu zima, ya maji yale. Sabuni ilitoa povu, maharagi yaliiva upesi, majirani wakaona wivu.

Mwaka uliofuata miguu yake ilivimba, akawa analala ameketi ili apate pumzi. Daktari alisema moyo umechoka, asionje chumvi, hata ile ya majivu. Mkewe Amisa aliishika amri hiyo kama swala. Miezi minne alipika sombe ya majani ya muhogo bila chumvi, akala naye hiyo hiyo, huku ndugu za mume wakimchokoza, "Shemeji, unalisha mutu ao unalisha mbuzi?" Na kwa kuwa mgonjwa hustahili kilicho bora, maji ya kisima alikunywa yeye, Alimasi alipewa ya mashine tu.

"Papa Alimasi, chumvi unaiiba wapi?" aliuliza Antoine, muuguzi wa zahanati, akibonyeza mguu. Kidole kiliacha shimo.

"Kwangu chumvi haiko. Uliza mke wangu, mama Heri."

"Na maji?"

Alimasi akaeleza, kwa fahari kidogo. Antoine akasema mashine ile haichukui chokaa bure: inaacha chumvi mahali pake, kidogo hata ulimi hauisikii. Mwenye moyo mzima haimsumbui. Wewe, papa, inakujaza.

"Iko karatasi kwenye pipa la mashine," Antoine aliongeza. "Imeandikwa hivyo."

"Kwa Kifaransa," alisema Alimasi, asiyejua kukisoma.

"Kwa Kifaransa. Madamu anakunywa ya bomba gani?"

"Lile lingine, lisilopita kwenye mashine," alisema Alimasi, ambaye ndiye aliyemjazia mtungi kila asubuhi.

Njiani alitafuta namna ya kumwambia mwanamke aliyekula chakula cha mbuzi miezi minne kwamba chumvi alimnywesha kwa mkono wake. Ndugu zake wangelipata neno hilo kabla jua halijazama. Kwa hiyo alipofika nyumbani akasema, "Madamu amekataza maji. Nitakunywa ya kisima."

Amisa hakujibu. Alimasi alidhani amekubali, kosa la waume wengi.

Asubuhi Amisa alivaa kitenge chake kizuri, akaenda nyumba kubwa, akapiga magoti kwenye mlango wa jikoni, akaeleza ugonjwa. Madamu, ambaye hakuwa amekataza chochote, alilia. Akaamuru bidoni mbili kila siku.

"Nilipigia muzungu magoti, baba Heri," Amisa alisema, akimimina. "Kunywa."

Alimasi alikitazama kikombe, akamtazama mkewe, magoti yake yangali na vumbi.

"Aksanti, mama Heri," alisema, akanywa, akaomba kingine.

Wiki ya tatu walimzika. Ndugu walipouliza, Amisa aliapa kwa Mungu kwamba kinywani mwa Alimasi haikupita chembe ya chumvi. Antoine alikuwepo msibani. Alitazama chini.